Kipande Kimepita, Rota Je? Uchambuzi wa Kupima Nyuzi za Kaboni Zinazozunguka kwa Kasi

Mwaka 1970 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilikuwa inakamilisha injini mpya, RB211, iliyokwisha kuahidiwa kwa ndege ya abiria ya Lockheed TriStar. Mapanga ya feni kubwa ya mbele hayakuwa ya titaniamu kama ilivyozoeleka. Yalitengenezwa kwa mseto wa nyuzi za kaboni ulioitwa Hyfil, tunda la utafiti wa Farnborough, ambako mwaka 1963 wanasayansi wa serikali walipata njia ya kutengeneza nyuzi hizo zikiwa na nguvu ya kutumika viwandani. Mapanga yalikuwa mepesi, na yalifaulu karibu majaribio yote. Kisha yakarushiwa kuku mfu kwa kasi kubwa, kuigiza ndege wa porini anayefyonzwa na injini. Yakasambaratika. Kampuni ililazimika kurudi kwenye titaniamu wakati gharama za mradi zilikuwa tayari zimeielemea, na tarehe 4 Februari 1971 ikawekwa mikononi mwa mfilisi, kabla serikali haijaichukua.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba teknolojia ilikuwa bado changa. Ni kweli, ilikuwa changa. Lakini mtu wa maabara akikisoma huona jambo jingine. Mapanga yale yalikuwa yamevutwa, yamezungushwa na kutikiswa, na kila mara yakajibu vizuri, kwa kuwa kila mara yaliulizwa swali ambalo nyuzi zina jibu lake. Kuku aliuliza swali la ubavuni. Hoja yangu inaanzia hapo. Uimara wa mseto wa kaboni hauko kwenye karatasi ya muuza nyuzi; unazaliwa kiwandani pamoja na kifaa, kwa jinsi nyuzi zilivyolazwa, gundi ilivyookwa na mzigo utakavyoingia. Anayetaka kuujua hana njia ya mkato. Atakizungusha kifaa chenyewe, na vingine atavivunja.

Fundi wa ujenzi ataelewa mseto huu haraka kuliko wengi. Katika nguzo ya zege, nondo hubeba mvuto na zege huzishika nondo mahali pake. Katika mseto wa kaboni, nyuzi ndizo nondo, na gundi ya epoksi ndiyo zege. Uzi mmoja una kipenyo cha mikromita 5 hadi 7, mwembamba kuliko unywele wa binadamu kwa mara kumi hivi, na kwa kawaida nyuzi huchukua kama asilimia 60 ya ujazo wote. Ukikivuta kipande kwa kufuata nyuzi, aina inayotumika sana viwandani hustahimili mkazo wa megapaskali 2,500 hivi, huku sentimita moja ya ujazo ikiwa na gramu 1.6 tu. Feleji nzuri inayostahimili megapaskali 1,000 ina gramu 7.8 kwa ujazo uleule.

Sasa kigeuze kipande hicho, ukivute kwa kukatisha nyuzi. Utaambulia megapaskali 50 hadi 80, maana hapo kinachovutwa ni gundi. Aliyewahi kupasua kuni anaijua tabia hii: gogo ambalo huwezi kulikata kwa kulivuta hupasuka kwa pigo moja la shoka likifuata nyuzi zake. Chuma hakina upande. Mseto una upande mmoja wenye nguvu ya kushangaza na mwingine dhaifu mara thelathini au zaidi, na kazi yote ya mbunifu ni kuhakikisha mzigo haupati njia ya kuingilia upande ule dhaifu.

Mzunguko huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Mtoto anayezungusha kombeo huisikia nguvu hii mkononi: jiwe likienda kasi, kamba huvuta. Kasi ikiongezeka maradufu, mvuto huongezeka mara nne. Rota, yaani sehemu ya mashine inayozunguka, ikizidishwa asilimia 10 juu ya kasi yake, mzigo hupanda kwa asilimia 21; ikizidishwa asilimia 20, mzigo hupanda kwa 44. Chukua feni ya injini yenye kipenyo cha mita 3.25, inayozunguka mara 2,300 kwa dakika. Ncha ya panga lake husafiri mita 390 hivi kila sekunde, kasi inayoipita sauti. Gramu moja iliyopo kwenye ncha hiyo huvuta kuelekea nje kama mzigo wa kilo tisa na nusu. Tone la rangi, kijiwe cha barabara ya kurukia, kihisio kidogo alichokibandika mpimaji: vyote hugeuka kuwa mizigo mizito.

Katika hali hiyo wepesi hulipa mara mbili, kwa sababu kinachoirarua rota ni uzito wake yenyewe. Kwa pete nyembamba hesabu ni fupi: mkazo ni sawa na densiti mara kasi ya ukingo kwa kipeo cha pili. Kipenyo hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Pete ya feleji niliyoitaja hufikia mwisho wake ukingo ukiwa na mita 358 kwa sekunde. Pete ya kaboni, nyuzi zote zikiwa zimezungushwa kufuata duara, kinadharia hufika mita 1,250. Kwa kuwa nishati nayo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kila kilo ya pete ya kaboni ingeweza kuhifadhi nishati mara kumi na mbili ya ile ya feleji.

Hesabu hiyo imewavuta wahandisi kwa miaka mingi kwenye flaiwili, yaani gurudumu linalohifadhi nishati kwa kuzunguka. Stephentown, katika jimbo la New York, kampuni ya Beacon Power ilikamilisha mwaka 2011 kituo chenye flaiwili 200 za mseto, zenye uwezo wa megawati 20 kwa pamoja, kila moja ikizunguka hadi mara 16,000 kwa dakika ndani ya ombwe ili kusaidia kusawazisha umeme wa gridi. Mwaka uliofuata gari la Audi R18 e-tron quattro lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans likiwa na flaiwili ya kaboni iliyoweza kufika mizunguko 45,000 kwa dakika, ikimeza nishati wakati wa kufunga breki na kuirudisha wakati wa kuongeza kasi. Mafanikio haya ni ya kweli. Hata hivyo, kati ya kasi ya nadharia na kasi ambayo mhandisi yuko tayari kuitumia kuna nafasi kubwa, na ukubwa wa nafasi hiyo huamuliwa na majaribio.

Kwanza, hakuna anayetengeneza pete nyembamba peke yake. Anataka nishati nyingi, hivyo anaiongeza unene. Sehemu ya nje ya pete nene inataka kutanuka kuliko sehemu ya ndani, na tofauti hiyo huwa mvuto wa kutoka katikati kwenda nje, unaokatisha nyuzi. Unabebwa na gundi peke yake. Pete nene ya kaboni basi haiishi kwa nyuzi kukatika. Inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, nyuzi zikiwa bado na akiba kubwa ya nguvu. Mafundi hulizunguka tatizo hili kwa kutengeneza pete kadhaa nyembamba na kuzishindilia moja ndani ya nyingine kwa nguvu, ili zianze kazi zikiwa zinabanana.

Pili, kuna kitovu. Pete ya kaboni ikifanya kazi kwa mkazo mkubwa inaweza kutanuka kwa asilimia moja. Kwa pete ya sentimita 60 hiyo ni milimita sita za kipenyo, na kitovu cha chuma hakiwezi kuifuata mpaka huko. Pete huachia kitovu, rota hupoteza mizani, na ajali huanza kabla nyuzi hazijaelemewa. Kwa maoni yangu kitovu ndicho mahali ambapo miradi mingi ya flaiwili hushindwa au kufaulu, ingawa vipeperushi vya biashara hupenda kusifia nyuzi tu.

Tatu, pete huzaliwa na mkazo tayari. Epoksi huokwa kwenye tanuri kisha hupoa. Ikipoa, mseto husinyaa kwa kukatisha nyuzi, lakini kwa kufuata nyuzi hausinyai karibu hata kidogo. Pete nene sana inaweza kutoka tanurini ikiwa na nyufa ndani kabla haijazungushwa hata mara moja. Ndiyo maana kazi ya mpimaji huanza rota ikiwa bado mezani, kwa altrasaundi kama ile ya hospitali, kwa eksirei ya pande zote, au hata kwa kuigonga taratibu kwa sarafu na kusikiliza: mahali palipobanduka hulia mlio mzito, uliofifia.

Baada ya hapo huja shimo.

Maabara nyingi za kazi hii zina chumba cha feleji nene, aghalabu kikiwa kimefukiwa ardhini, kinachoitwa shimo la kuzungushia. Rota huning'inizwa kutoka juu kwenye fimbo nyembamba inayonyumbulika. Ungedhani fimbo nene ingekuwa salama zaidi, lakini wembamba huo umekusudiwa: rota yenye kasi hutafuta kuzunguka kwenye kitovu halisi cha uzito wake, na fimbo laini huiachia ijitafutie. Juu ya kifuniko kuna tabo ndogo inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Kabla ya kuanza, hewa ya ndani hunyonywa hadi libaki ombwe, kwa kuwa ukingo unaozidi kasi ya sauti ukisuguana na hewa ungechemka, na kipimo kingekuwa cha gundi iliyolainika kwa joto. Kuta za ndani huvishwa kitu kinachomeza vipande, kama mbao au risasi, visije vikadunda na kusaga ushahidi.

Ushahidi ndio kila kitu. Vihisio visivyogusa hupima pengo kati ya rota na ukuta, na hivyo kuonyesha rota imetanuka kiasi gani na kama imetanuka sawasawa pande zote. Vihisio vya mkazo vilivyobandikwa juu yake hutuma taarifa kwa redio ndogo, na waya zao zenyewe hulazimika kushikiliwa zisichomoke. Kamera zinazopiga maelfu ya picha kwa sekunde husubiri kuamshwa na mpasuko wenyewe. Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha kawaida kabisa: mtetemo. Tabaka likibanduka upande mmoja, uzito husogea na rota hutikisika kidogo zaidi ya dakika iliyopita, kwa kasi ileile. Rota za mseto mara nyingi huonya hivi kabla ya kupasuka. Mpimaji mzuri husimamisha jaribio hapo, huitoa rota, huikata na kuitazama ndani, kwa sababu rota iliyokaribia kuvunjika hufundisha kuliko rundo la unga.

Majaribio ya shimoni ni ya namna tatu. Lipo la kuthibitisha, ambapo kila rota itakayouzwa huzungushwa kupita kasi yake ya kazi kisha hukaguliwa. Lipo la uchovu, ambapo rota hupandishwa hadi kasi kamili na kushushwa tena na tena. Kama mpando na mshuko mmoja huchukua dakika tano, mizunguko 10,000 ya namna hiyo inahitaji siku 35 bila mapumziko, usiku na mchana. Na lipo la kupasua, la mwisho na la gharama kubwa, ambapo kasi huongezwa mpaka rota isiwepo tena.

Namna ya kupasuka nayo inatofautiana. Diski ya chuma hupasuka vipande vichache vikubwa, mara nyingi vitatu hivi, na kila kimoja hutoka kama kombora. Mseto huvunjika kuwa nyuzi, vumbi na vipande vyepesi, na kwa miaka mingi hilo lilitangazwa kama usalama wa asili. Nalipinga tangazo hilo. Nishati iliyokuwa kwenye rota haipotei kwa sababu rota imekuwa vumbi. Wingu lile linalozunguka husukuma kuta kote, kisha hupanda na kusukuma kifuniko na sakafu kwa nguvu ambayo chumba kilichobuniwa kwa ajili ya vipande vya chuma huenda hakikuitarajia. Vumbi la kaboni na gundi likichanganyika na hewa inayoingia linaweza pia kuwaka. Kitovu cha chuma nacho bado kimo humo. Anayeuza flaiwili anapaswa kuonyesha jaribio la kasha linaloizunguka kama anavyoonyesha la rota.

Sasa nifike kwenye swali ninaloliona kuwa gumu kuliko mengine: ukivunja rota ngapi ndipo ujue? Hesabu ya takwimu haina huruma. Ukitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba rota 90 kati ya 100 zitastahimili kasi fulani, unahitaji kujaribu rota 29 na zote zifaulu. Ukitaka kusema 99 kati ya 100, unahitaji 299, zote zifaulu. Hakuna kiwanda kinachovunja rota kubwa 299. Na 99 kati ya 100 haitoshi hata kidogo kwa mashine inayozunguka karibu na watu.

Njia iliyobaki ni kujenga kama piramidi. Chini kabisa huvunjwa vipande vidogo vya maabara kwa mamia: vya kuvuta, vya kukata tabaka, vya kupinda. Juu yake pete ndogo, mfano wa ile iliyobuniwa na maabara ya silaha za majini ya Marekani, inayovutwa kwa nusu mbili za diski zinazoachana. Kisha sehemu za rota, kisha rota nzima chache, na kileleni mashine yote. Kila ngazi inapaswa kutabiri matokeo ya ngazi inayofuata. Utabiri ukikosea, aliyejenga hajui kitu ambacho alidhani anakijua, na ni heri agundue hilo kwenye pete ya sentimita kumi.

Piramidi hii ina mtego, na mtego huo una jina la Msweden Waloddi Weibull, ambaye mwaka 1951 alichapisha hesabu inayotumika hadi leo. Kamba hukatikia mahali pake dhaifu. Kamba ndefu ina nafasi zaidi ya kuwa na mahali dhaifu sana. Kwa hiyo kifaa kikubwa, kwa wastani, ni dhaifu kuliko kipande kidogo cha maada ileile. Tukichukua mseto ambao kipimo chake cha utawanyiko katika hesabu ya Weibull ni 20, rota yenye ujazo mara elfu ya kipande cha maabara hupoteza karibu asilimia 30 ya uimara kabla hatujataja kosa lolote la fundi. Na makosa ya fundi yapo: mvuto wa nyuzi uliolegea wakati wa kuzungusha, kunjo, vitundu vya hewa vilivyonaswa kwenye gundi. Vitundu vya asilimia moja au mbili tu huonekana wazi kwenye kipimo cha kukata tabaka. Jaribio la pete lenyewe lina kasoro yake, kwani mahali ambapo nusu mbili huachana pete hupindwa kidogo na hutoa namba ya chini kuliko uhalisia. Mpimaji mwaminifu huandika hayo yote kando ya namba.

Ndiyo maana ninapoona taarifa inayosema rota ilipasuka kwa kasi fulani, naona imesema nusu tu. Zilikuwa rota ngapi? Zilitawanyika kiasi gani? Rota tatu zilizopasuka kwa mizunguko 30,000, 30,500 na 31,000 kwa dakika zinanipa imani kuliko tatu zilizofika 29,000, 36,000 na 43,000, ingawa wastani wa kundi la pili uko juu sana. Kundi la pili linasema kiwandani kuna jambo ambalo halijadhibitiwa.

Turudi kwa kuku, maana walioshindwa mwaka 1970 hawakuwa wa mwisho kujaribu. General Electric ya Marekani ilirudi na injini ya GE90, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1995 kwenye Boeing 777 ikiwa na mapanga 22 ya mseto wa kaboni. Ukingo wa mbele wa kila panga ulivishwa titaniamu, yaani pigo la ndege linapokelewa na chuma kabla halijafika kwenye gundi. Toleo kubwa la GE90 lilikuwa na feni ya mita 3.25, na panga lake moja limo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. GEnx ikafuata na mapanga 18, kisha GE9X na 16 tu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Injini ya LEAP ilichukua njia nyingine tena: nyuzi za mapanga yake 18 hufumwa kwa pande tatu, zikipita pia katika unene, kisha gundi huingizwa kwa shinikizo. Tabaka lililoshonwa na jirani yake haliwezi kubanduka kirahisi. Msusi wa ukili angeitambua akili hiyo.

Mapanga haya si ya mbali. Abiria wa Kenya Airways kwenye Boeing 787 ameketi kati ya injini mbili za GEnx, na wa Air Tanzania kwenye 737 MAX 9 kati ya LEAP mbili. Ukipita karibu na injini hizo, tazama mbele: panga jeusi lenye ukingo unaong'aa.

Sheria za Marekani zinadai injini ithibitishwe kwa ndege mkubwa mmoja mwenye uzito wa kilo 1.85 hadi 3.65, kutegemea upana wa mdomo wa injini, na baada ya pigo hilo izimike bila kuleta hatari. Zinadai pia panga moja liachiwe kwa baruti likiwa kwenye kasi ya juu kabisa, na kasha lizuie vipande vyote, bila moto wala injini kung'oka kwenye bawa. Sheria hizo ziliandikwa zikiwa na tabia za metali akilini, na GE90 ilipokuja mamlaka ililazimika kuiwekea masharti maalumu kwa sababu panga la mseto halivunjiki kama la titaniamu.

Nina wasiwasi mmoja ulio wetu. Kongoti aliyekomaa, anayeonekana kila siku katika majalala ya Kampala na Nairobi, anaweza kuzidi kilo 7. Tumbusi wakubwa wa nyika hufika hapo pia. Ndege wa kipimo, hata yule mzito kuliko wote, ni nusu ya hao. Hilo halina maana kwamba ndege ya abiria itaanguka, kwani ina injini mbili na inaweza kutua kwa moja. Lina maana kwamba jaribio hujibu swali lililoandikwa na aliyelitunga, na kwamba jalala lililo jirani na uwanja wa ndege ni sehemu ya usalama wa injini, hata kama mhandisi wa mseto hajawahi kuliona.

Titaniamu nayo si kinga kamili. Aprili 2018, panga la titaniamu la injini ya ndege ya Southwest nchini Marekani lilikatika kwa uchovu baada ya safari zaidi ya 32,000, vipande vikavunja dirisha, na abiria mmoja akafa. Hata hivyo, ufa wa chuma una tabia inayosomeka: huanza mahali pamoja, hukua kidogo kila safari, na huacha alama ambazo wachunguzi huzihesabu kama duara za mti. Mseto hauchoki hivyo. Nyufa ndogondogo husambaa ndani ya gundi, tabaka huachana polepole, unyevu huingia, joto hulainisha. Kutoka nje panga linaweza kuonekana zima. Hivyo jaribio la mseto uliotoka tanurini jana halitoshi. Lazima pia ujaribiwe mseto uliokaa kwenye unyevu, uliopata joto, uliogongwa kidogo na kuachwa bila kutengenezwa.

Juni 2023 chombo cha chini ya bahari, Titan, kilibondeka kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, na watu watano wakafa. Hakikuwa kinazunguka, lakini mwili wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni, na wachunguzi waliukuta na vitundu na makunyanzi ya tangu utengenezaji. Katika safari ya mwaka 2022 mlio mkubwa ulikuwa umesikika, na vihisio vilionyesha mwili ukijibu mzigo tofauti na zamani. Kikaendelea kutumika. Kwenye shimo la kuzungushia, badiliko kama hilo husimamisha kazi siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi wa uhandisi, fundi au ofisa manunuzi ambaye kesho atawekewa mezani flaiwili, feni au shafti ya kaboni yenye bei nzuri na karatasi iliyojaa megapaskali, nina ombi. Usiulize nyuzi zina nguvu kiasi gani. Hilo watalijibu haraka. Omba orodha ya rota kamili zilizovunjwa, kasi ya kila moja, picha za jinsi zilivyovunjika, na umri wa zile zilizojaribiwa baada ya kutumika. Omba uone jaribio la kasha. Muuzaji asipokuwa na hayo, usiiwashe mashine hiyo mahali penye watu.

Rolls-Royce wenyewe walichukua muda mrefu kabla ya kurudi. Mwaka 2023, kwenye jukwaa lao la majaribio mjini Derby, walizungusha kwa mara ya kwanza injini ya UltraFan, yenye feni ya zaidi ya mita tatu na nusu. Mapanga yake ni ya nyuzi za kaboni, na ukingo wa mbele ni wa titaniamu.